Habari Niliyompelekea Baba Nyambura

Mmeniuliza kanisani, mmeniuliza kwenye simu, na Mama Brian ameniuliza katikati ya duka kule Tooting nikiwa nimeshika muhogo mkononi: nilikwenda wapi wiki ile, na mbona nimerudi nimekonda. Nimechoka kusimulia vipande vipande, kila mtu na kipande chake, halafu mnakutana na kuviunganisha vibaya. Nimeandika yote hapa. Someni, mpitishiane, kisha mniache kidogo.

Wengi wenu mnajua kwamba mume wangu, Baba Nyambura, hufanya kazi Scotland, juu kabisa, katika mji mdogo wa bandari ambao sitautaja jina. Ni fundi wa umeme. Kwetu Naivasha alifanya kazi kwenye visima vya mvuke, na huko kaskazini alianza kwa kupanda minara ya upepo iliyosimama baharini, mpaka goti lake lilipoharibika. Tangu hapo wamemketisha kwenye chumba cha bandarini chenye skrini, anaangalia mitambo na kuwapangia mafundi safari zao. Wiki tatu huko, wiki moja Croydon. Mimi nasafisha ofisi katikati ya London, na ofisi zenyewe ni za kampuni hiyo hiyo iliyomwajiri. Nilikuwa nikimtania kwamba yeye amepewa upepo, mimi nimepewa mazulia. Watu wa mazulia hawajawahi kuuona huo upepo, ila wana picha ya minara ukutani, kubwa kuliko sebule yangu.

Jumanne asubuhi nilikuwa nafuta meza ya chumba cha mikutano, ghorofa ya tisa, nikakuta karatasi zimeachwa wazi. Mimi si mtu wa kusoma karatasi za watu. Lakini jina la mji wa mume wangu liliandikwa kwa herufi kubwa, na macho yakaenda yenyewe. Ulikuwa mchoro wa ghorofa ile ile niliyokuwa nasafisha. Kwenye kona ya dirishani wamechora chumba kipya chenye viti vinne, na kila kiti kimeandikiwa miji ya pwani ambayo mitambo yake itaangaliwa kutoka hapo. Pembeni kuna orodha ya miji hiyo, na mbele ya mji wetu imeandikwa kwamba chumba cha bandarini kitafungwa kabla ya Pasaka.

Sasa sikilizeni vizuri, maana kila kitu kinaning'inia hapa. Baba Nyambura alikuwa na kazi nyingine mkononi. Bandari ya mji wa jirani ilimtaka awe fundi wao wa umeme, kazi ya kudumu, na walimpa mpaka Alhamisi saa sita mchana awe amewajibu. Jumapili aliniambia anaelekea kuikataa. "Hii kampuni imenivumilia na goti langu," alisema. "Na upepo nao watauhamishia wapi?" Mimi ndiye niliyekuwa nimeona wanakouhamishia.

Nyambura wetu ana miaka kumi na sita. Anaelewa Kiswahili chote, hasa kile cha kusengenya, lakini hujibu kwa Kiingereza. "Mum, just ring him," aliniambia bila kuinua macho. Nipige simu tu, yaishe.

Sikupiga. Miaka saba iliyopita nilimpigia Baba Nyambura nikamwambia baba yake amefariki. Sikuuliza kwanza yuko wapi. Alikuwa anaendesha gari la kampuni kwenye barabara ya kona kona, na gari likaishia mtaroni. Goti mnaloliona linamchechemesha lilitoka hapo, lilitoka kwenye mdomo wangu. Nilipokwenda kumwona hospitalini nilimwapia kwamba habari mbaya sitampa tena kwenye simu hata iweje. Nitakuja mwenyewe, nikae mbele yake, ndipo niseme. Na nikiri jambo la pili: niliogopa kazi yangu. Anaishi nyumba moja na wenzake watatu wa kampuni, na hupenda kuweka simu kwenye spika akipika. Msafishaji anayesoma karatasi za ghorofa ya tisa hana maisha marefu pale.

Basi nikamwandikia: "Nakuja huko. Nitafika Alhamisi asubuhi. Kuna jambo, tutaongea tukionana." Akajibu: "Sawa. Nimeelewa." Nikajisifu kuwa na mume mwelewa.

Croydon mpaka King's Cross

Jumatano niliondoka kukiwa kumepambazuka vibaya, mvua ile nyembamba ya Februari isiyonyesha wala kuacha. Ndege msiniulize, hapakuwa na nafasi mpaka Alhamisi jioni. Nilikuwa na chapati kumi na mbili na kuku wa kukaanga ndani ya kopo la aiskrimu, kwa sababu siwezi kwenda kwa mume wangu mikono mitupu hata kama ninampelekea balaa. Nilipita chini ya lile jengo la uhamiaji pale Croydon bila kuinua kichwa. Lilishanitazama vya kutosha miaka ile.

Kwenye treni ya kuelekea mjini nilisimama njia nzima, nimebanwa kati ya mikoba ya watu wanaokwenda kwenye ofisi kama zile ninazosafisha. Niliwatazama nikajiuliza ni nani kati yao atakayekaa kwenye kimoja cha vile viti vinne. Sikuwachukia. Nilitaka tu kumjua, nimwone sura.

King's Cross mpaka katikati ya mashamba

Treni ya kaskazini ilikwenda vizuri kwa muda wa saa moja na kitu, kisha ikapunguza mwendo, ikapunguza tena, ikasimama kati ya mashamba, York bado iko mbele. Taa zikazimika. Kipasha joto kikanyamaza. Sauti ya dereva ikatutangazia kwamba waya za umeme za juu zimeanguka na mafundi wako njiani. Mke wa fundi umeme nimekwama kwa kukosa umeme. Siku nyingine ningecheka.

"Yesu wangu," nilisema, na mzee wa Kihindi aliyekaa mbele yangu akakunjua uso.

"Mama, wewe mtu wa wapi Kenya?"

Alikuwa Bwana Kanti, wa Harrow, aliyezaliwa Nakuru nyuma ya stesheni na kuondoka akiwa kijana. Kiswahili chake kilikuwa cha zamani na kizuri, kama nguo iliyotunzwa sandukuni. Baada ya saa moja ya baridi tulifungua vyakula. Nikamwekea paja la kuku juu ya kitambaa chake cha karatasi kabla hajasema lolote, naye akalitazama kwa adabu kama mtu aliyewekewa kiatu mezani. Hali nyama tangu azaliwe. Niliona haya mpaka masikioni. Alichukua chapati mbili, akanipa mikate yake myembamba ya majani ya uwatu na achari kali, tukala tukitetemeka.

Alikuwa anakwenda Newcastle kumsaidia mkamwana wake na watoto. Mwanawe ni mhandisi wa gesi, amesomea huko huko, ameoa huko, amenunua nyumba huko. Kisha ofisi yao ikahamishiwa London.

"Wamemwambia kazi yako ipo, njoo nayo," Bwana Kanti alisema. "Nyumba haiuziki, maana wote wanauza mtaa mzima. Sasa kijana analala kwangu Harrow, kwenye kile kitanda alicholala akiwa shule ya msingi. Miguu inatoka nje. Ijumaa anapanda treni kwenda kuona watoto, Jumapili anarudi. Na bomba la gesi liko kule kule, halijahama hata futi moja."

Kwa sababu hakuwa mtu wa kanisani kwetu na nisingemwona tena, nilimweleza yangu yote: karatasi, viti vinne, Alhamisi saa sita. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na mume bado hajui?"

"Nitamwambia nikifika."

"Treni imesimama, mama. Kama ningekuwa yeye, ningetaka kujua leo."

Niliudhika. Nilimwona mzee anaingiza mkono kwenye ndoa yangu baada ya kula chapati zangu. Nikamwambia kwa upole wa uongo kwamba kila nyumba ina taratibu zake, nikageukia dirisha. Hakusema tena. Tulikaa hivyo karibu saa tatu, na sasa natamani angekuwa mkorofi zaidi kidogo.

York mpaka Edinburgh kwa basi la kuazima

Walituvuta taratibu mpaka York, wakatushusha, wakatupanga foleni, wakatupanga upya, kisha wakatupakia kwenye mabasi. Bwana Kanti alipanda jingine, akaniinulia kofia kwa mbali. Basi letu lilikuwa la kubebea watoto wa shule, viti vifupi, magoti yamefika kidevuni. Mwanamke mmoja wa Kiingereza alilia kimya kimya mstari wa mbele kwa sababu amekosa mazishi. Nilimpa chapati. Aliishika tu.

Saa kumi na nusu jioni simu yangu ilitetemeka. Baba Nyambura.

Niliitazama ikilia. Nilijua nikishika nitasema, kwa sababu mimi sijui kumficha mtu huyu kitu nikisikia sauti yake. Nikaona gari mtaroni. Nikaona na wenzake wamekaa jikoni wakisikiliza spika. Simu ikalia mpaka ikanyamaza, kisha ikalia tena. Ilipokoma nikamwandikia: "Niko njiani. Tutaongea kesho." Safari hii hakujibu, na mimi nikajisemea kwamba ana kazi.

Inverness

Kutoka Edinburgh nilipata treni ya mwisho inayofaa, nikafika Inverness nimekauka kama ukuni. Nyumba ya wageni niliyolala ni ya mama mmoja mnene mwenye sauti ya kukwaruza, aliyeniletea supu ya shayiri bila kuuliza kama naitaka. Kiingereza chake nilikishika nusu nusu. Aliniuliza kama nimekuja kwa kazi ya minara. Nikasema mume wangu ndiye.

Alikaa kwenye kiti cha pili akanieleza. Wakati minara inasimamishwa alikuwa na wageni mpaka kwenye sofa, mabuti yamejaa ngazini, akaajiri wasichana wawili wa kufua mashuka. Walipomaliza kusimamisha, waliondoka wote mwezi mmoja. Minara yenyewe inazunguka tu, alisema, na huo umeme unapita juu ya paa lake kwenda kusini, naye anapasha moto chumba kimoja. Nilikumbuka nyumbani. Kwetu visima vya mvuke vinanguruma usiku na mchana, nguzo zinapita juu ya maboma kwenda Nairobi, na mama mkwe wangu alizeeka na taa ya mafuta akizitazama. Nilimwambia hivyo yule mama. Akauliza kama Kenya nako kuna London. Nikasema ipo, inaitwa Nairobi.

Basi la pwani

Asubuhi nilipanda basi la kwanza. Nilipiga hesabu: saa tatu na nusu za barabara, nafika saa nne na nusu, bado tuna saa moja na nusu kabla ya saa sita. Bahari ilikuwa mkono wa kulia, ya kijivu, na milima haina mti hata wa dawa.

Katikati ya njia tulisimama. Mbele yetu lori lilikuwa linajaribu kupita kona, limebeba panga moja la mnara wa upepo, lile linalozunguka. Jamani, mimi huwa naviona vile vitu kwenye picha ya ofisini, vidogo na vyeupe. Panga moja lilikuwa refu kuliko mtaa wetu. Polisi walifunga barabara, wanaume wenye fulana za manjano wakawa wanatembea kando yake wakilisukuma kwa maneno. Dakika arobaini. Nilisimama karibu na dereva nikawa naangalia saa kila dakika, mpaka akaniuliza nawahi nini.

"Mume wangu ana jibu la kutoa kabla ya saa sita," nilimwambia.

Dereva alikuwa mwanamume wa makamo, mikono yake ina makovu ya moto. Aliniambia zamani alikuwa mchomeleaji kwenye karakana ya pwani ile ile. Waliahidiwa kwamba vyuma vya minara vitachomelewa pale. Vikaja vimeshakamilika, kwa meli, kutoka nje. "Sisi tumebaki na kazi ya kupisha njia," alisema, akaonyesha panga kwa kidevu. Mabinti zake wawili wako London, mmoja benki, mmoja mkahawani. Alisema hayo bila hasira, kama mtu anayesoma ratiba.

Lori lilipopita alikanyaga mafuta kuliko alivyoruhusiwa. Alinishusha mwanzoni mwa barabara ya mume wangu, mahali pasipo kituo. Ilikuwa saa tano na dakika kumi. Nilikimbia na kopo langu la chapati, na nawaambia ukweli, nilikuwa na furaha. Nimewahi.

Nyumba yenye viatu mlangoni

Kwenye ngazi ya ile nyumba palikuwa na viatu, jozi saba au nane, vya kiume na vya kike.

Sisi tunajua viatu vingi mlangoni asubuhi ya siku ya kazi ni kitu gani. Nilifikiri: amekufa. Jana aliponipigia alikuwa anakufa, na mimi nikaitazama simu. Mlango ukafunguliwa na Mama Furaha, Mkongomani wa Bukavu anayetunza wazee huko, amejifunga kitenge kichwani. Alinikumbatia kwa nguvu.

"Pole, mama. Pole sana. Mungu njo anajua. Ikala, ikala hapa," alisema kwa Kiswahili chao cha Kongo, akinivuta nikae.

Sebuleni walikuwa wamesukuma viti ukutani. Mume wa Mama Furaha alikuwepo, muuguzi mmoja wa Kisii, na Wazungu watatu wanaoishi na mume wangu, wameketi chini kwa sababu wengine wameketi chini, vikombe vya chai mikononi. Biblia iko mezani. Harufu ya sombe, kisamvu cha kwao, na samaki imejaa nyumba. Nikafungua mdomo kuuliza mwili uko wapi, na Baba Nyambura akatoka jikoni, amevaa shati jeusi, macho mekundu.

Alinishika mabega. "Alikuwa nyumbani ama hospitali?"

"Nani?"

"Mama."

Nilimtazama. Alikuwa ananiuliza kama mtu aliyelala na hilo swali. Kisha nikaelewa yote kwa mara moja, na natamani msije mkaelewa kitu kwa namna ile.

"Mama yako yuko sawa," nilisema. "Hakuna aliyekufa. Baba Nyambura, hakuna mtu amekufa."

Watu wakatazamana. Mume wa Mama Furaha akaifunga Biblia taratibu. Mume wangu alikaa chini sakafuni pale pale aliposimama, akafunika uso. Alilia kwa sauti, kilio ambacho hakulia hata kwa baba yake. Nikamwacha kidogo, kisha nikamwinua nikamvuta jikoni, nikafunga mlango, nikamweleza kwa kunong'ona. Chumba cha bandarini. Pasaka. Viti vinne vya ghorofa ya tisa.

"Bado kuna nusu saa," nilimwambia. "Wapigie wale wa bandari sasa hivi. Waambie umekubali."

Hakunyoosha mkono kuchukua simu.

"Niliwapigia jana," alisema. "Wewe uliniambia kuna jambo na unakuja mwenyewe. Wewe huyu uliyeniapia. Sasa nifikirie nini? Nikapigia dada nyumbani, nikamuuliza Mama yuko wapi. Akasema ametoka, ameenda kwa jirani, simu ameiacha. Si hivyo ndivyo wanasemanga? Nikakupigia wewe. Mara mbili. Hukushika."

"Halafu?"

"Wale wa bandari walitaka nianze Jumatatu. Nikawaambia siwezi, naenda kumzika mama yangu, wanipe wiki mbili. Wakasema pole sana, lakini msimu umeanza na kuna mwingine anangoja. Kampuni yangu ilinipa ruhusa ya msiba hapo hapo, hata hawakuuliza. Nikaona hao ndio watu. Nikawaambia wa bandari wampe huyo mwingine."

Nilimlazimisha apige hata hivyo. Nilisimama karibu nikasikia sauti ya msichana upande wa pili, mpole kabisa. Yule mwingine alikuwa ametia sahihi saa tatu asubuhi ile. Saa hiyo mimi nilikuwa kwenye basi nikiitazama bahari.

Wageni walikula. Chakula cha msiba kilikuwa kimeshapikwa, kingefanywa nini. Mama Furaha aliniletea sahani akaniwekea kipande kikubwa cha samaki, hakuniuliza kitu, na hilo lilinichoma kuliko kama angenisuta. Wale Wazungu watatu walimpigapiga mume wangu mgongoni wakimpongeza kwa mama yake kuwa hai. Mmoja wao, kijana mwenye ndevu nyekundu, alikuwa amenunua nyumba mwezi uliopita. Nilimwona Baba Nyambura akimtazama, kisha akanitazama mimi. Nilitikisa kichwa. Akisema yeye, watajua nimesoma mimi. Akanyamaza kwa ajili yangu, akamwongezea chai.

Walipoondoka alimpigia mama yake. Simu iliita muda mrefu, na mimi nikashika ukingo wa meza kama kweli sijui.

"Ni wewe?" sauti ya mama mkwe ikasema kwenye spika. "Mbona jana ulinitafuta? Nilikuwa kwa Mama Ciku tunachambua maharagwe. Kuna nini? Mbona sauti yako iko hivyo?"

"Hakuna kitu, Mama. Homa kidogo."

"Na kazi?"

"Kazi iko sawa."

Kurudi

Nilikaa siku tatu. Alikwenda kumweleza meneja wake kwamba mama hajafa, na meneja akamtazama kwa muda kisha akasema ni habari njema. Baba Nyambura anasema hajawahi kusikia habari njema ikisemwa namna ile. Alirudi kwenye skrini zake akakaa kati ya watu anaojua kwamba hawana kazi, akiwapangia safari za mwezi wa Aprili kwa sababu ndiyo kazi yake.

Hakunigombeza hata mara moja. Ningependa angenigombeza. Siku ya kuondoka alinisindikiza mpaka barabarani akichechemea, akaniwekea begi ndani ya basi, akasema: "Goti lilishapona, Mama Nyambura. Ni baridi tu inalisumbua. Siku nyingine nipigie." Nililia mpaka Inverness, na dereva, yule yule, alinitazama kwenye kioo akaniacha.

Najua mtauliza, kwa sababu Mama Brian ameshauliza: kama kazi imehamia London, si Baba Nyambura aje nayo, akae na familia yake kama watu wengine? Nilikwenda kuuliza kwa ujanja ujanja, kama mtu mwenye mpwa anayetafuta kazi. Viti vinne vina watu tayari, vijana wa shahada wa ghorofa hiyo hiyo. Wataangalia miji yote kutoka dirisha linalotazama mto. Nina hakika ni vijana wazuri, wawili husalimia. Hawajui upepo wa kule unavyobadilika saa nane mchana, lakini wanasema mashine itawaambia.

Jumatano iliyofuata nilikuwa kituo cha tramu natoka kazini, mifuko mikononi, simu ikalia. Mnamjua Baba Nyambura. Mnajua huyo mtu huanza na habari ya asubuhi, habari ya mtoto, umekula, mvua je, majirani je, mpaka unasahau kilichomfanya apige. Miaka kumi na tisa ya ndoa, hata siku alipopigia kutoka kitanda cha hospitali alianza na salamu.

"Wametuita kwa mkutano," alisema. "Wanafunga. Mwisho ni tarehe moja Aprili."

Nikangoja salamu zije nyuma yake. Tramu ikaja, ikafungua milango, ikaondoka.

"Umenisikia?" aliuliza.

Nikamwambia nimemsikia.